Ukuta Uliolia Kaloleni

Enzi zetu, sisi watoto wa Kaloleni pale Kisumu, kukaa nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la mji, ilikuwa fahari kubwa. Uhuru ulikuwa bado mpya. Sakafu yetu ya saruji nyekundu tuliisugua kwa polishi kila Jumamosi mpaka unajiona meno, na harufu ya polishi ikichanganyika na ya omena, dagaa wa ziwani, ndiyo iliyokuwa harufu ya kwetu. Mchana tulicheza kati, mmoja akikwepa mpira wa matambara katikati ya wenzake. Jioni tuliosha miguu kwa karai moja, mkubwa akianza, mdogo akimalizia na matope ya wenzake. Huyo mdogo alikuwa Atieno, mdogo wangu wa miaka minne, mwenye kifua kibovu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni na kulala naye kitanda kimoja, kando ya ukuta.

Mwaka mmoja masika yalipoanza, ukuta huo ukatoa doa la maji, chini kabisa, ukubwa wa sahani. Baba, seremala wa bandarini, alipanda paani akakagua kila mahali. Hakuona tundu. Aligusa doa, akanusa kidole, akatutazama watoto mmoja mmoja.

"Hii maji inatoka wapi?"

Tuliapa kwamba si mkojo. Sidhani alituamini.

Mama hakungoja jibu. Alikuwa amelelewa Luanda Kotieno, ambako mwanamke anayejiheshimu huizungushia nyumba yake ya udongo tuta chini ya ukuta, akalikandamiza na kulipaka samadi ya ng'ombe mpaka liteleze, maji ya mvua yaende zake. Akachukua jembe, akatujengea letu nje ya ukuta ule. Majirani walikuja kulisifu. Lilikuwa zuri kweli, nasi tuliketi juu yake tukila mahindi ya kuchoma.

Doa likapanda. Mama akaongeza udongo, doa likafika usawa wa kitanda. Baba akapaka ndani rangi ya mafuta, ile ya mashua, akisema kama inazuia maji ya ziwa haitashindwa na ya chumbani. Baada ya wiki mbili rangi ikavimba malengelenge, tukawa tunayapasua kwa kidole na kucheka. Jirani mmoja akashauri beseni la makaa linyonye unyevu, mwingine chumvi, mwingine akanong'ona kwamba hayo si maji ya Mungu. Wazee walisema ni ziwa limepanda, na kweli lilikuwa limepanda, mpaka wavuvi wakahamisha vibanda. Mama aliwasikiliza wote, asijue amwamini nani, akaongeza udongo.

Nguo zikaota ukungu sandukuni. Atieno akaanza kukohoa, kifua kikipiga filimbi. Daktari alimwambia Mama bila kuzunguka: "Mtoto asilale kwa nyumba ya maji. Ikauke, ama umpeleke kwingine."

Mama alirudi akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. "Kwani wewe unalia nini? Nimekukosea wapi?"

Nilikuwa na miaka tisa, na niliungoja ukuta ujibu.

Mvua iliisha, ukuta haukukauka. Atieno akapelekwa Luanda Kotieno kwa Dani, nyanya yetu. Likizo tulimkuta amenenepa, anakimbia ufuoni, hakohoi. Na alikuwa akilala wapi? Nyumba ya udongo, yenye tuta lile lile la samadi! Niliizunguka nyumba hiyo mara mbili nikiipapasa. Ilikuwa kavu kama biskuti. Nilichanganyikiwa kabisa. Tulipotaka kurudi naye, Atieno alimshika Dani nguo, akamwita Dani "Mama". Mama yetu mzazi akawa anaitwa naye "Mama wa Kaloleni". Akakulia huko. Usiku huo kitanda kilikuwa kikubwa mno.

Miaka mingi baadaye, nilipojenga nyumba yangu, fundi ndiye aliyenifumbua macho. Nyumba ya saruji huwekewa ukanda mweusi wa lami chini ukutani, maji ya ardhini yasipande. Ukirundika udongo kuupita ukanda huo, maji huuruka, na ukuta huyanywa; doa letu la kwanza lingekauka lenyewe, ila tuta la Mama lililisha maji. Kwa Dani paa la nyasi lilining'inia mbali na ukuta, na udongo wenyewe ulipumua ukakauka. "Udongo usiguse ukuta, mama," fundi akaniambia. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga, nikilia mbele ya vibarua.

Vijana wa leo wakiona doa ukutani hulipiga picha kwanza, wakamtumia mtu asiyeijua mvua ya Kisumu, na kabla ya jioni dawa ya mkebe imepakwa. Nawacheka, lakini nawaonea wivu pia. Sisi tulikuwa na majirani tele na mikono ya kazi, na jibu hata moja hatukuwa nalo.

Mwezi uliopita Mama alikuja kukaa kwangu. Amezeeka sana, mgongo umepinda. Mvua ya kwanza ilipokatika nilimkuta nje na kijembe, anarundika udongo kwenye ukuta wangu. Akaacha, akanitazama.

"Achieng', ile nyumba ya Kaloleni ilikuwa inalia nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikaitazama mikono yake yenye matope.

"Ni ziwa, Mama. Ziwa lilikuwa limepanda."

"Nilijua tu," akasema, akashusha pumzi.

Nikachukua jembe, nikamsaidia kurundika.