Ukuta Uliopigwa Kosa

Nilimwita mama, akaitikia "abee."

Nilikuwa nimelala kifudifudi, mguu wangu wa kulia uko chini ya matofali, uji umenimwagikia mkononi wala sisikii moto wake. Yeye alikuwa upande wa pili wa kifusi. Simwoni, namsikia tu. Maisha yake yote mama hakuwahi kuniitikia abee. Abee ni ya mtoto wa kike akiitwa na mkubwa wake. Mie nikimwita alikuwaga anajibu, "Sema haraka, nina kazi." Siku ile sauti yake ilikuwa nyembamba, ya adabu, nikajua hajui tena anaitwa na nani. Nadhani alimsikia bibi, mama yake, kule Masasi. Nikamwita tena. "Abee." Nikamwita tena, kimya. Watu walipokuja na sururu nikawaambia mie niacheni, anzeni kule. Walianza kule. Walikuwa wamechelewa.

Sijasoma sana, nimeishia darasa la saba, na nimeishia vibaya. Mtaani walikuwa wananitania: mwalimu kafundisha Chamazi nzima, kasahau ndani kwake. Mama alikuwa anacheka nao. Anasema, "Huyu kichwa chake kiko mkononi, onjeni maandazi yake kwanza." Kwa hiyo ninachoandika hapa nakiandika kama ninavyokisema. Atakayeona kimekosewa herufi anisamehe. Atakayeona kimekosewa ukweli aje anikosoe mbele ya watu.

Mama alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Wenzake walipostaafu walirudi kwao kulima korosho. Yeye alitandika mkeka uani, chini ya mabati, akawaita watoto wa wanawake wanaotoka alfajiri kwenda sokoni. Watoto hao ndio waliokuwa wanafungiwa ndani na jagi la maji mpaka jioni. Ndiyo ikawa chekechea. Mie nikapewa kazi ya uji.

Na hakuishia hapo. Mjamzito akishikwa na uchungu, anagongewa mwalimu. Mzee akiletewa barua asiyoielewa, anasomewa na mwalimu. Mfereji ukiziba, anatoka na koleo kabla ya wanaume. Akipita na koleo lake wanawake walikuwa wanajificha nyuma ya kanga zilizoanikwa, wanacheka, "Mtoza ushuru huyo kaja." Halafu wanatoka, maana anasimama pale pale mpaka watoke.

Nyuma ya uwanja wetu kulikuwa na godauni. Mwenye godauni simtaji jina, ila kila mtu anamjua, ndiye yule wa mabati na saruji. Ukuta wake ulikuwa mfupi, wa kuzuia mbuzi tu. Akauongeza. Akauongeza tena, juu ya msingi ule ule, na tofali zake ukizigusa zinakuachia mchanga mkononi. Sie tulifurahi. Ukuta mrefu ulitupa kivuli, na watoto wakahamishiwa pale.

Siku moja akaja injinia wa manispaa na buti zake, mwenyekiti wa mtaa yuko naye. Akaugonga ukuta, akarudi nyuma akautazama, akachukua rangi nyekundu akachora X kubwa, upande wetu. Wakaondoka.

Watoto wakaiona kesho yake. Mtoto wa chekechea anajua X ni nini. Mwalimu akikusahihishia daftari, ukipata ni vema, ukikosa ni X. Wakaanza kushangilia, "Mwalimu, ukuta umekosa!" Mama akacheka mpaka akashika kiuno. Akawaambia, "Kweli umekosa. Mwambieni arudie kuandika."

Sasa sie watu wazima, ambao si wa chekechea, X hatuisomi hivyo. Mtu wa Dar akiona X nyekundu anajua jambo moja tu: barabara inakuja. Wa Kimara walipigwa X, wa kwingine walipigwa X, ni barabara. Majirani wakaanza kumpongeza mama. "Mwalimu, fidia hiyo, utusahau sasa." Kuna mmoja alikuwa anatoka nje kutwa nzima kuangalia kama na yeye hajachorwa, akarudi ndani amenuna.

Lakini mama alikuwa mtu wa kuuliza. Akaenda ofisini kwa mwenyekiti, mie nipo naye, nimebeba kapu.

"Mwenyekiti, ile X maana yake nini? Maana watoto wanakaa pale."

Mwenyekiti akainuka, akampa kiti. Heshima alikuwa nayo, alifundishwa na mama darasa la pili. "Shikamoo mwalimu. Hiyo ni ya barabara, mama yangu. Mambo ya huko mbele. Wala usijisumbue."

"Kwa hiyo ukuta hauna neno?"

"Ukuta una neno gani? Mwalimu na wewe. Ukuta wa tajiri ule."

Tukarudi. Mama alimwamini. Alikuwa na tabia hiyo, mtu aliyemfundisha kusoma alimwona hawezi kumdanganya.

Baadaye mgeni rasmi akatangazwa, anakuja kuzindua kisima. Njia yake inapita kwetu. Akaja fundi rangi, jirani yetu kabisa, na ndoo ya chokaa, akaupaka ukuta wote. X ikapotea. Mama akampelekea chai. Ukuta ulivyokuwa mweupe akafurahi, akachukua mkaa akaandika irabu zake, a e i o u, kubwa kubwa, watoto wakawa wanazifuata kwa kidole.

Masika ikaja. Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, ikapumzika asubuhi moja, na wazazi wakaleta watoto. Nikaita uji. Watoto wakanikimbilia na vikombe. Mmoja, binti mdogo, alibaki ukutani anamalizia irabu yake. Mama akamwendea. Nilisikia kitu kama mtu anapasua muwa. Mama akamsukuma yule mtoto kwangu kwa nguvu, nami nikapiga hatua kumdaka. Mtoto yupo, yuko darasa la pili sasa. Mguu wangu haupo.

Alizikwa nikiwa hospitali. Jirani alirekodi salamu za serikali ya mtaa kwenye simu, akanisikilizisha wodini. Mwenyekiti alikuwa analia, sauti inakatika. Anasema, "Mwalimu alijitolea. Alijitolea kwa watoto wetu, alijitolea kwa mtaa wetu, na mwisho amejitolea maisha yake." Watu wakaitikia kwa huzuni. Nikamwambia jirani, zima.

Kufagia mfereji, alijitolea. Kusindikiza wajawazito, alijitolea. Kuangukiwa na ukuta hakujitolea. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Nilipopata magongo nikaenda kwa mama mwenye genge, aliyemuuzia injinia maji siku ile ya X. Akaanza kupanga nyanya zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha akasema, "Mwanangu, injinia alisema ukuta ule ubomolewe kabla ya mvua. Alimwambia mwenyekiti, nikiwa namrudishia chenji. Na mie nikajua ni barabara."

Nikaenda kwa fundi rangi. Hakunificha. "Dada, chokaa ilitoka kwa mwenye godauni. Mwenyekiti ndiye alinionyesha pa kuanzia. Alisema nianze na ile X."

Nikaenda ofisini. Mwenyekiti akanipa kiti kile kile. "Dada yangu, mama alikuwa anajitolea. Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Sasa nani alaumiwe? Tumwachie Mungu."

Mungu simwachii. Mungu hakununua chokaa.

Mwenye godauni ameshajenga ukuta mwingine, safari hii kwa nondo, kumbe nondo alikuwa nazo. Na mwenyekiti anagombea tena, anapita nyumba kwa nyumba, na kwenye hotuba zake anamtaja mama yangu. Mkutano wa mtaa utakapoitishwa nitakaa mbele. Mama mwenye genge amekubali kukaa kushoto kwangu, fundi rangi ameniambia atafikiria. Sitaki rambirambi nyingine, na hicho kiti sikipokei tena. Mwenyekiti, nataka unijibu umesimama, wazazi wa wale watoto wakikusikia: mama yangu alipokuuliza kama ukuta una neno, ulikuwa umeshaambiwa, au hujaambiwa?