Nyumba ya Mativo Iliyobomolewa kwa Herufi Moja

Nyumba nzuri kuliko zote katika mtaa wa Tena haikuwa na msingi wala bati. Ilikaa ndani ya kompyuta ya karani Mativo, na kompyuta yenyewe ilikaa juu ya meza ya kulia, katika chumba kimoja alichopanga na mkewe Nthenya. Ofisi yake mjini ilipojinunulia mashine mpya, wakubwa waliwatupia makarani zile kuukuu, na Mativo akaipakata yake hadi nyumbani kama mtoto mchanga.

Kila jioni baada ya ugali, wawili hao walihama. Mativo alichora kwa kipanya, mstari baada ya mstari, nyumba watakayojenga Makueni siku Mungu atakapokumbuka anwani yao. Nthenya, miguu ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, alitembea humo. "Fungua dirisha hilo, kuna joto," angesema, na Mativo angefuta vidoti kadhaa akalifungua. Upepo wa Makueni uliingia. Mapazia ya buluu yalipepea, redio ya jirani ikaishia getini. Kulikuwa na veranda ya kunyooshea miguu, na chumba cha wageni ambacho hajapatikana mgeni wa kukistahili.

Mwaka wa tisini na sita, jirani yao Kiilu, dereva, akaleta rundo la disketi zenye Windows 95.

"Hii ina rangi, bwana. Nyumba yako inakaa kama imepakwa mavi ya ng'ombe."

Wakaanza Jumapili baada ya kanisa. Mashine ikauliza, kwa Kiingereza kirefu, kama inaruhusiwa kufuta migawanyo ya diski, yaani ile mipaka inayotenga kipande cha mitambo na kipande cha nyumba. Mativo hakusoma. Kazini alikuwa amepiga muhuri wa kukubali miaka nenda miaka rudi bila kusoma, na kwa hilo alipandishwa cheo. Akabonyeza Y ya kukubali. Mashine ikauliza kama ana hakika. Serikali yenyewe haijawahi kumuuliza hivyo. Akaguswa moyo, akabonyeza Y tena. Halafu disketi ya Kiilu ikakoroma, ikakwama, ikafa. Alipowasha upya, kompyuta ikasema haioni kitu.

Nthenya alikitazama kioo cheusi kama mtu aliyetoka sokoni akakuta tingatinga limepita.

"Bomoabomoa," akamwambia mumewe polepole. "Hata ilani hatukupewa, Baba Mbeti."

"Tulipewa," Mativo akanong'ona. "Nikaikubali. Mara mbili."

Kiilu, kwa aibu, akaenda mtaa wa Lucky Summer kumleta Roseline, msichana anayefundisha kompyuta chuoni mjini.

"Mzee, kuna kitu mmeandika juu ya diski tangu ifutwe?" Roseline akauliza.

"Hapana. Disketi ilikufa kabla."

"Basi mshukuruni Kiilu kwa takataka zake. Vitu vyenu viko. Ni kama shamba lililong'olewa bikoni, yale mawe ya mpaka. Mahindi bado yamesimama. Tunatafuta tu mpaka ulipokuwa."

Akaingiza disketi yake. Programu ikaanza kutembea ndani ya diski, polepole, ikinusa alama za zamani. "Ikipata mpaka itauliza kama ndio wenyewe," Roseline akaonya. "Mkikubali usio wenu, nyumba inakatwa katikati. Na hapo mimi nitaenda nyumbani."

Diski ikavuma kama nyuki wa mbali. Jua la alasiri likalala mezani. Nthenya alifumba macho akapita chumba hadi chumba gizani, akipapasa kuta, asije akasahau.

Mashine ikalia. Imeona mpaka: kipande kikubwa mbele, kidogo nyuma.

"Ndiyo hiyo! Bonyeza Y tunywe chai," Kiilu akashangilia.

Kidole cha Mativo kilishaondoka chenyewe. Nthenya akakidaka hewani.

"Ngoja! Nyumba ingekuwa kipande gani?"

"Hicho kidogo cha nyuma," Roseline akajibu.

"Basi si yetu. Siku ulipoigawa diski nilikuambia, Baba Mbeti, mitambo ibanwe kama tulivyobanwa sisi hapa, nyumba ndiyo ipewe kikubwa."

"Mama anasema kweli," Roseline akasema. "Hiyo itakuwa mipaka ya zamani ya ofisini, kabla hamjaipata mashine."

Mativo akaitafuta herufi N ya kukataa kama mgeni anayetafuta mlango. Akaibonyeza.

Programu ikaendelea kutembea. Ikasimama tena: kidogo mbele, kikubwa nyuma. Wote wakamgeukia Nthenya. Akaitikia kwa kichwa, na Mativo akabonyeza Y. Wakazima, wakawasha.

Nyumba ikatokea nzima, na mapazia yake. Nthenya akagusa kioo kwa ncha ya kidole, akaingia.

Roseline akainama kuangalia. "Haki, nyumba ni safi. Lakini choo kiko wapi?"

Miaka miwili ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kubanwa na haja. Kiilu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nyuma, kule kwa miparachichi," Nthenya akasema hatimaye, macho yakiwa mbali. "Na mlango wa ufunguo. Ufunguo mmoja, wetu peke yetu, si wa wapangaji wote kama hapa."

Mativo akashika kipanya, wakazunguka nyuma ya nyumba kutafuta mahali penye kivuli.