Vidole Kumi vya Tata

Juzi nilipeleka keki ya harusi kwenye uwanja wa gofu hapa Kolwezi. Nikiwa naishusha, nilimsikia mwalimu akimwambia mwanafunzi wake, kwa upole kabisa: "Mama, shika na bidole yote kumi, sawa vile unashika jembe. Njo muzuri vile." Nikaitua keki mezani kwa hasira.

Nilikumbuka mchana mmoja nilipokuwa mdogo. Uwanja huohuo ulinuka majani mabichi na petroli ya mashine ya tata, baba yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiyakata. Mkubwa wake wa kazi, aliyekuwa na wageni, alimwita ajaribu kupiga mpira mmoja. Tata alijifuta mikono kwenye ovaroli, akaishika fimbo kwa vidole vyote kumi, jinsi alivyozoea kushika jembe katika shamba letu la Kapata.

"Muangalie! Huyu eko analima!" mkubwa alipiga kelele, na wageni wakaangua kicheko.

Mi nilidhani tata amewafurahisha. Nikaona fahari, nikacheka kuliko wote, nikapiga na makofi: "Lima, tata, lima!"

Walimnyang'anya fimbo kabla hajaugusa mpira. Na leo mshiko uleule unafundishwa palepale, kwa adabu, na anayefundishwa anaitwa Mama!

Wale watu sijawasamehe. Lakini tata hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, na mimi nilikuwa bado nacheka.