Foleni ya Chumba cha Pili

Hospitali ilikuwa na madaktari wawili wa watoto, na vyumba vyao vilitazamana kwenye korido moja. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kijana mchangamfu ambaye manesi walimbatiza Upepo, kwa jinsi alivyomaliza foleni upesi. Cha pili kilikuwa cha mama wa makamo, mwenye shahada ileile na miaka mingi zaidi kazini. Huyu walimwita Mama Taratibu. Hakukasirika. Alijua kumchoma mtoto sindano asijue imeingia saa ngapi, na anayeijua kazi yake hababaiki kwa jina.

Kilichomkera ni malipo. Walilipwa kwa kichwa, kila mtoto na fungu lake, na kila mwisho wa mwezi Upepo aliondoka na karibu mara mbili ya alichopata yeye. Alipomwuliza mkurugenzi, alijibiwa kwa upole, "Dokta, kiwango ni kimoja kwenu nyote. Kaza mwendo tu."

Mkurugenzi hakuwahi kukaa mapokezi. Angekaa, angemwona nesi mkubwa akigawa watoto kama mtu anayechambua mchele. Mafua na kikohozi, chumba cha kwanza. Anayepiga mateke, anayeugua tangu mwaka jana, ambaye mama yake machozi yako karibu, chumba cha pili. Nesi hakuwa na ubaya. "Wewe ni mama," alizoea kusema, "unawaweza." Na sifa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtoboa mfuko.

Jumatatu moja Mama Taratibu aliwahi mapokezi kabla ya foleni.

"Dada yangu, leo hakuna kuchagua. Mlango ukifunguka, anayefuata aingie."

"Hata yule wa mateke?"

"Hasa yule."

Nesi akacheka. "Na Upepo akilia?"

"Mbembeleze. Si umezoea?"

Asubuhi ile aliona mafua baada ya mafua, akashangaa kumbe kazi inaweza kuwa nyepesi hivyo. Haijafika saa sita, mlango ukagongwa. Upepo alisimama pale, tai imelegea, jasho linamtoka.

"Dada, kuna mtoto kajificha chini ya kitanda, hataki kutoka. Anakohoa, lazima nimsikilize kifua. Naomba nikuletee."

Hapo ndipo palipomwia vigumu. Mkono wake ulishafika kwenye kipimo cha kifua bila kuagizwa. Angemtoa yule mtoto upesi, lakini akimchukua leo, kesho ni yaleyale. Akatega sikio. Mtoto alikuwa akipiga kelele kwa pumzi ya kutosha, hakuwa mahututi.

"Simchukui," alisema. "Lakini nakuja."

Walimkuta mama wa mtoto kando ya kitanda, aibu imemjaa, akibembeleza. Upepo akabaki amesimama.

"Piga magoti, mdogo wangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Akainama, akaingia nusu mwili.

"Usimshike. Mpe kipimo, asikilize moyo wako kwanza. Halafu subiri."

Wakasubiri. Huko nje foleni ilianza kuguna. Mwishowe sauti ndogo ikatoka mvunguni: "Moyo wako unakimbia."

"Unakimbia kweli," Upepo akakiri.

Jioni mkurugenzi aliwaita wote wawili. "Leo umeona nusu ya watoto wako wa kawaida," alimwambia Upepo. "Unaumwa?"

"Siumwi, bosi." Suruali yake ilikuwa bado na vumbi magotini. "Nimefanya kazi ya dada. Kumbe siku zote nalipwa vizuri kwa sababu yeye ananibebea mzigo."

Mkurugenzi akakohoa. Wazazi wamelalamika, alisema. Mambo yarudi kama zamani.

"Yarudi," alisema Mama Taratibu. "Wagumu niletee mimi, nawapenda. Ila tulipwe kwa saa, sote wawili, kiwango kimoja. La sivyo, anayefuata ataingia mlango wowote."

Aliyasema bila kupandisha sauti. Upepo naye hakumwokoa bosi wake.

Mkurugenzi alizungushazungusha maneno wiki kadhaa, na foleni ikazidi kuguna, mpaka akakubali. Asubuhi ya kwanza ya malipo mapya, Mama Taratibu alikuwa akinawa mikono aliposikia kilio cha kupasua vioo. Nesi alikuwa katikati ya korido, mtoto anamrushia mateke, naye anatazama mlango huu na ule asijue sheria ya leo ni ipi.

Mama Taratibu akafungua wake wazi kabisa.

"Mlete kwangu," alisema. "Sina haraka."