Kopo Lililofunguliwa Nisipokuwepo

Sikuwa na homa siku ile. Sikuwa nimelewa, maana silewi, na wala haukuwa usiku. Jua lilikuwa linawaka juu ya ziwa mpaka macho yanauma. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kunitafutia sababu: labda ulisinzia, labda njaa, labda zile dawa za hospitali. Hapana. Uniamini au usiniamini, lakini usinitafutie ugonjwa. Haya yalinipata nikiwa macho, kwenye kivuko cha kwenda Sengerema, watu wamejaa pande zote.

Mimi ni Mkerewe. Nimekulia kisiwani kwa samaki na muhogo, na tangu utoto maziwa hayanitaki. Nikinywa, tumbo linajaa kama ngoma, midomo inawasha, kisha ngozi inatoka mabaka kana kwamba nimepita kwenye upupu. Mama yangu aliliona hilo mapema, akaacha kunipa, maneno yakaishia hapo. Nani angejua kwamba nitaolewa na Wasukuma wenye ng'ombe?

Mume wangu, Masalu, ni fundi wa injini za mitumbwi. Tuliishi Butimba pamoja na mama yake. Mama mkwe alihamia mjini baada ya kufiwa na mumewe, lakini ng'ombe wake walibaki kijijini, na dumu la maziwa lilikuwa halikosi kumfikia. Aliyagandisha mwenyewe kwenye kibuyu, na mtu yeyote akiingia pale nyumbani alimiminiwa kabla hajakaa vizuri. Siku ya kwanza nilipokataa, aliniangalia kwa muda mrefu.

"Mahari yako ilikuwa ng'ombe," akasema. "Sasa ukikataa maziwa, umekataa nini hapo?"

Nikamweleza. Akacheka tu. Kwake yeye hakuna mtu anayedhurika na maziwa. Kuna mwenye maringo, na kuna aliyerogwa.

Tukaendelea hivyo, yeye na kibuyu chake, mimi na chai yangu ya rangi. Kisha nikaugua taifodi. Nilipotoka hospitali nilikuwa nimekonda mpaka pete inadondoka nikifua nguo. Unajua watu wanavyomtazama mwanamke aliyekonda? Hawakuulizi. Wanasogea kidogo kwenye benchi, wanashusha sauti. Majirani walishaniandalia ugonjwa wao, na mama mkwe hakuwahi kuwakanusha. Aliwaambia, "Nimempa maziwa, amekataa. Mimi nifanyeje?"

Daktari alisema mwili unataka protini, nile mayai, samaki, maharage. Lakini hamu ya kula ilikuwa imekufa kabisa, nikimeza vijiko vichache narudisha vyote. Akaniambia basi nitafute unga wa protini, ule wa kukoroga na kunywa, ila niwe mwangalifu kuchagua kama maziwa yananisumbua.

Duka la kwanza nililoingia mjini, muuzaji alikuwa kaka mmoja mwenye kifua kipana kama mlango. Akaniwekea mezani kopo jeusi, kubwa kama ndoo.

"Dada, chukua hii wei. Wiki chache tu watu hawatakutambua."

"Imetokana na nini?"

"Protini tupu."

"Tupu ya kitu gani?"

Akakuna kichwa. "Ya maziwa. Yale maji yake, yanayobaki maziwa yakiganda. Lakini hii imechujwa sana, sukari ya maziwa karibu yote imetoka. Wenye matumbo yanayogoma wanakunywa hii hii."

Kusema kweli nusura niichukue. Kilichoniokoa ni kwamba nilitaka kwanza kupita duka la dawa la jirani, na mfamasia pale, mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yao iko Mwanza tangu babu zao, ni mtu wa maswali. Nikamwambia ninachotafuta.

"Ukinywa maziwa unaumwa tumbo peke yake?" akauliza.

"Na midomo inawasha."

"Na ngozi?"

"Na ngozi."

Akavua miwani. "Basi, binti yangu, hilo huenda si tumbo. Tumbo likigomea maziwa linagomea sukari yake, na watu hao wengi wanaiweza wei iliyochujwa sana. Lakini yako inafanana na aleji, mwili unapigana na maziwa yenyewe. Na wei ni maziwa, uichuje utakavyo. Nenda hospitali upimwe. Kabla ya hapo, kila kopo ligeuze nyuma usome maandishi madogo. Likitaja maziwa, lirudishe."

Akanitolea unga wa njegere. Nikageuza, nikasoma, hakuna maziwa. Kupimwa nikaahirisha, nikisema nipate nguvu kwanza.

Ule unga ulikuwa na ladha ya vumbi la ghala. Nilikuwa nausaga na ndizi na karanga ili nisiusikie. Lakini uliniinua! Mashavu yakarudi, pete ikakaa. Mama mkwe alinitazama nikikoroga kila asubuhi, akatikisa kichwa. "Vya dukani unakunywa. Vya kwetu hunywi."

Kopo la kwanza likaisha vizuri. La pili, nilipofika katikati, mwasho ukarudi. Nikalaumu sabuni. Nikalaumu dagaa. Asubuhi moja niliamka macho yamevimba, Masalu akasema ni mawazo. Nikaendelea kunywa, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho.

Siku ya safari nilikuwa nakwenda Sengerema kumjulia hali shangazi yake Masalu, aliyekuwa amevunjika mguu. Nilichota unga mkavu kwenye kikopo kidogo, nikabeba na chupa ya maji, nikijua nitakunywa njiani. Tukaingia kwenye kivuko. Nikapata nafasi kwenye benchi upande wa kivuli. Tulipoacha gati nikatoa kikopo changu.

"Ulilifungua mwenyewe?"

Nikageuka. Kando yangu alikuwa amekaa mwanamke wa rika langu, amejifunga kitenge kichwani. Sikumwona akikaa. Midomo yake ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, na alipovuta pumzi ilipiga filimbi kwa ndani.

"Nini?" nikauliza.

"Kopo. Siku ya kwanza ulilifungua mwenyewe. Na siku zilizofuata, nani alikuwa analifungua?"

Nikadhani ni mgonjwa wa akili. Nikamsalimu kwa upole, nikampa mkono. Akaupokea. Jamani, umewahi kushika samaki aliyetolewa kwenye barafu? Ndivyo mkono wake ulivyokuwa, na jua lile!

"Mama bado anatundika kibuyu nyuma ya mlango wa jikoni?" akaniuliza. "Na Masalu bado anakwambia ni mawazo?"

Nikauliza, "Dada, wewe ni nani? Ni ndugu yao?"

"Nililala chumba unacholala. Naitwa Nyamizi." Akavuta pumzi, ikachelewa kuja. "Nami maziwa yalinikataa. Mama akawa ananitilia kwenye uji, kidogo kidogo, ili nizoee. Siku moja koo likafunga. Wakasema nimerogwa, wakamtafuta mchawi. Nusa hicho ulichoshika."

Nikafungua kikopo nikanusa. Unga wa njegere unanukia maharage mabichi, niliujua tangu nilipofungua kopo la kwanza. Huu ulinukia tamu, laini, kama sufuria ya maziwa inapokaribia kuchemka. Sikuwahi kuunusa mkavu tangu nilipoanza kuuficha ndani ya ndizi na karanga.

Nilishindwa kunyanyua macho. Nikamsikia anasema, "Mfikishie mama salamu. Mwambie Nyamizi hana kinyongo." Filimbi ile ikapiga mara moja, ndefu. "Hapana. Usimdanganye. Kinyongo ninacho."

Nilipoinua uso, nafasi ya kando yangu ilikuwa tupu.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja na kikapu cha kuku. Nikamwuliza, "Shikamoo baba. Yule dada amekwenda wapi?"

"Marahaba." Akavuta kikapu chake karibu na miguu. "Dada yupi, mwanangu? Umekuwa ukiongea peke yako tangu tuondoke. Tumeogopa kukugusa."

Sikushuka Sengerema. Kivuko kilipofika nilibaki palepale, watu wakashuka, wengine wakapanda, nikarudi nacho Mwanza. Ule unga niliumwaga ziwani. Ulielea kidogo, mweupe, kisha ukazama.

Nilimkuta mama mkwe barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umerudi? Shangazi hajambo?"

"Sikufika. Nimekutana na Nyamizi. Anakusalimia."

Ungo ulimponyoka. Mchele wote chini, na yule mama, ambaye hajawahi kuacha punje ipotee, hakuuangalia. Katika ile nyumba hakuna aliyewahi kulitaja jina hilo mbele yangu. Masalu aliniambia tu kwamba aliwahi kuishi na mwanamke, wakaachana. Wakaachana!

Nikaingia ndani nikaleta kopo langu. "Mama, umetia nini humu?"

Akalitazama kopo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mpaka leo inaniuma kwa sababu haikuwa na ubaya wowote, "Maziwa ya unga. Nilikuwa nanunua dukani, nachanganya usiku mkishalala. Nilitaka unenepe. Nilitaka watu waache kukusema."

"Na Nyamizi?"

"Nyamizi alirogwa."

"Mama, alikufa kwa maziwa."

"Maziwa hayaui mtu!" Akapiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Nimelea watoto saba kwa maziwa!" Akaanza kulia, akiokota mchele punje moja moja. Unaweza kumchukia mtu wa namna hiyo? Nimejaribu. Siku nyingine naweza, siku nyingine nashindwa.

Masalu aliporudi nilimweleza yote. Nilitegemea atashtuka. Alinawa mikono yake ya grisi taratibu, akauliza, "Nani amekwambia habari za Nyamizi? Ni hawa majirani?"

"Ulijua kwamba alikufa?"

"Nilijua."

"Ulijua alivyokufa?"

Akajifuta kwa taulo, kidole kwa kidole. "Mama hakuwa na nia mbaya," akasema.

Hilo ndilo lililonitoa kwenye ile nyumba. Si mzimu wala maziwa. Mzimu ulinihurumia. Mume wangu aliyekuwa hai, aliyekuwa ameona mke mmoja akizibika koo, aliniangalia macho yamevimba akaniambia ni mawazo.

Nilikwenda hospitali, safari hii sikuahirisha. Wakanipima. Ilikuwa aleji kweli, ya maziwa yenyewe kama mfamasia alivyohisi. Daktari akaniambia mwili unaoonya pole pole unaweza siku moja kukataa kwa nguvu zote, na hapo koo halisubiri gari. Nilimsikiliza huku nasikia ile filimbi.

Sasa naishi Nyakato, chumba kimoja, nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Nyumba ya Butimba sirudi. Nasikia mama mkwe anawaambia watu kwamba nilikuja na mizimu ya Ukerewe nikamwachia ndani, na kwamba sasa hawezi kulala kwa sababu kuna mtu anakohoa jikoni. Huenda ni kweli. Sikumpelekea mimi huyo mtu. Alikuwa humo kabla yangu.

Masalu ameoa tena. Niliposikia, nilimtafuta yule binti, nikamkuta sokoni, nikajitambulisha. Nikamwuliza jambo moja tu: je, maziwa anayaweza?

Akanishangaa, akacheka kwa adabu. "Dada, mimi ndiyo nayapenda hasa. Mama ananipenda kwa hilo."

Nilishukuru Mungu. Kisha nilipofika chumbani kwangu nililia kwa hasira mpaka kichwa kikauma. Kwa hiyo ndilo lililokuwa linatakiwa tu? Nyamizi yuko chini ya udongo, mimi niko hapa, na katika ile nyumba hakuna kilichobadilika ila wamepata mtu asiyedhurika.

Wewe unayenisikiliza, sikukatazi huo unga. Mimi bado nakunywa, wa njegere, nanusa kwanza. Lakini ujue kinachokugomea. Kama ni tumbo peke yake, uliza kuhusu wei iliyochujwa sana, huenda ukaiweza. Kama ni midomo, ngozi na pumzi, usijaribu, hata muuzaji akuapie kwa jina la mama yake. Nenda ukapimwe. Geuza kopo usome nyuma. Kisha lifunge, uliweke unapoweza kuliona, kwa sababu anayelifungua usipokuwepo anaweza kuwa mtu anayekupenda.

Na kama wewe ndiye mwenye kibuyu, mwenye kujua zaidi, mwenye kusema huyu anadeka tu, nakuomba sana. Mtu akikwambia kitu fulani kinamdhuru, mwamini angali hai. Akilazimika kurudi kukueleza, hatarudi na msamaha.