Chokaa Mpya kwa Mthamini

Mgeni hawezi kuja kwangu akakuta vumbi. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo mthamini wa benki aliponipigia simu kwamba angefika asubuhi, nilifagia uwanja, nikadeki sebule, nikapaka chokaa ukuta wa mbele uliorukiwa matope ya masika, kisha nikatandika vitambaa alivyofuma mama yangu.

Mdogo wangu alipoingia alishika kichwa.

"Dada, una akili kweli? Huyo anakuja kupanga bei!"

Alikuwa na haki ya kufoka. Nyumba yetu ya Chemchem tulikuwa bado tunailipia mkopo, mimi na mume wangu, na kesi ya talaka iko mahakamani. Yeye alishahamia Nzega kwenye biashara yake ya mahindi. Benki ilinipa njia mbili: nichukue mkopo mpya kwa jina langu peke yangu, ufute ule wa zamani na kumlipa mwenzangu nusu yake, kisha nikatwe mshahara wangu wa uuguzi hadi karibu na kustaafu, au nyumba iuzwe, tugawane, nikapange vyumba na wanangu. Thamani ikipanda, nusu yake inapanda, na deni langu linapanda. Na mimi nimeipaka chokaa!

Mthamini alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu."

Akaanza kuvuta futi chumba hadi chumba. Kila alipotikisa kichwa kwa kuridhika, niliona deni langu likiongezeka.

"Nyumba safi sana hii, mama," akasema, na mimi, mjinga, nikamshukuru na kumletea karanga na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha. Mdogo wangu akanikanyaga mguu.

Ndipo tukasikia hodi. Ilikuwa sauti ya mume wangu. Benki ilikuwa imempigia naye, akapanda basi la alfajiri kuhakikisha hapunjwi. Mlango ule aliupachika kwa mikono yake, na tangu tuhamie hakuwahi kuupigia hodi. Mdogo wangu ndiye aliyesema karibu.

Akasimama katikati ya sebule, akageuka taratibu. Nilijua ataanza kutaja mbao, bati na kisima alichochimbisha, na nilikuwa nimeshamwandalia maneno, wala hayakuwa mazuri.

"Mama watoto, umeitunza," akasema. "Nyumba imependeza."

Miaka yote ya ndoa sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Sakafu ile niliideki na mimba, niliideki na homa, niliideki nikitoka zamu, naye hakuona kitu. Hasira ikanipanda. Na chini ya hasira, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha akamgeukia mthamini.

"Andika vizuri, kijana. Si unaona mwenyewe ilivyo?"

Furaha yangu ikafa hapo hapo. Asubuhi nzima nilikuwa napiga hesabu kichwani na kuogopa. Sasa sikuhesabu tena.

"Nachukua mkopo," nikasema. "Kwa bei hiyo hiyo atakayoandika. Wewe kaweke saini yako benki."

Mdogo wangu akaziba mdomo kwa kanga. Mume wangu alinitazama, na nadhani kwa mara ile alinionea huruma ya kweli.

"Utaumia," akasema.

"Nitaumia nikiwa kwangu."

Alibaki amesimama pale pale, akisubiri nimkaribishe kiti.