Fundi Chini agonga chasisi, hakuna wa kujibu

Asubuhi mapema, na kinachoonekana cha Fundi Chini ni miguu tu. Buti mbili, moja ina kamba, nyingine imefungwa kwa waya, zimetokeza chini ya gari la mkunga lililonyanyuliwa kwa jeki na kuwekewa magogo. Oili nyeusi inachuruzika ndani ya karai. Upande wa pili wa ukuta, jirani mchomeleaji ameshaanza kelele zake.

Mara spana inagonga chasisi. Ko, ko. Miguu inatulia, kama ya mtu anayesikiliza. Hakuna kitu. Chini anashusha pumzi, anajiburuta hadi nje, anafungua mlango wa gari, anatia gia mwenyewe, kisha anajilaza tena na kurudi uvunguni.

"Usinicheke," anamwambia mwandishi wa makala haya akiwa bado anajiburuta kurudi. "Kichwa kinajua hakuna mtu. Mkono ndio haujaambiwa."

Jina la Chini alipewa na wateja. Yeye alilala chini ya gari, na shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, alikaa juu, kwenye usukani au mbele ya boneti iliyofunguliwa. Huyo wakamwita Juu. Wawili hao waliiendesha gereji hii ya mabati tangu ndevu zao zikiwa nyeusi, na kwa sababu ya makelele ya mchomeleaji, walizungumza kwa kugonga.

Kugonga mara moja, tia gia. Mara mbili, upo? Mara tatu, nimemaliza. Juu naye alijibu kwa idadi ileile, akitumia mpini wa bisibisi.

"Hatukuitana majina," Chini anasema. "Mimi shemeji, yeye shemeji. Kutwa nzima shemeji, shemeji, mpaka wateja wanaomba tubadilishe wimbo. Sasa hivi dunia nzima hakuna mtu anayeniita hivyo. Niwe shemeji wa nani?"

Juu hajakanyaga gereji tangu mvua zilizopita. Ovaroli yake ipo msumarini, imepauka bega moja linalopigwa na jua.

Gari lililo mbele yetu ni la magurudumu manne yanayovuta, na mkunga hulitumia kuwafuata akina mama huko milimani ambako magari mengine hugeuzia njiani. Linavuja kwenye transfa, lile boksi linalogawa nguvu kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kinachotakiwa ni kubadilisha sili, mpira wa duara usiozidi kiganja, unaozuia oili isitoke pale shafti inapotokeza.

Kazi ya kawaida kabisa. Tatizo ni kwamba Chini ameshaifanya mara mbili kwenye gari hilihili, kwa sili mpya, na mara zote mbili oili imerudi kutoka.

Mkunga alipolileta safari hii hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Chini zaidi.

"Fundi wangu, sina neno baya na wewe," alimwambia. "Ila likivuja tena nitalipeleka kwenye gereji kubwa. Mama mwenye uchungu hawezi kuningoja nimepiga magoti barabarani natazama oili."

Zamani magari yalipanga foleni mpaka langoni kwa mchomeleaji. Siku hizi wiki huweza kupita Chini akifagia tu. Mkunga ndiye mteja wake wa mwisho wa kudumu.

"Akiondoka yeye, nafunga lango," anasema. "Njaa siiogopi, wanangu wananikumbuka huko waliko. Naogopa kuamka asubuhi nikawa sina pa kwenda. Pale nyumbani naongea na redio, ndugu yangu. Juzi nimebishana nayo!"

Anacheka peke yake. Kicheko kinaisha haraka.

Kwa hiyo leo anafanya kila kitu kama mtu anayefanya mtihani. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, imeshashushwa. Nati kubwa imelegea, flanji, kisahani cha chuma kinachoshikia propela, imetoka. Anaichokoa sili ya zamani kwa ncha ya bisibisi, polepole, asije akauchubua ukuta wa chuma. Anapangusa kwa kitambaa safi. Anapitisha ukucha kwenye flanji kutafuta mtaro, maana flanji iliyolika hukata sili mpya. Hakuna mtaro. Anapaka grisi kwenye mdomo wa sili, anaipachika, na kuigonga kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, mpaka ikae sawasawa.

"Haina kosa," anasema akiwa uvunguni, na sauti yake ina hofu. "Hata zile mbili hazikuwa na kosa. Sasa inavuja kwa nini? Nimerogwa?"

Wakati wa kupumzika, akiwa ameketi juu ya tairi na kikombe cha chai, anasimulia siku ambayo Juu aliondoka. Hajaulizwa. Inaonekana kisa kilikuwa kikimsubiri mtu wa kukisikiliza.

Zilikuwa zimepita wiki chache tu tangu mkewe azikwe. Chini alikuwa uvunguni, nati ikateleza, spana ikamchuna vidole. Juu akainama akachungulia. "Shemeji, umeumia?"

"Nikamjibu vibaya," Chini anasema. "Nikamwambia, wewe hapa umeletwa na dada yako. Dada yako hayupo. Unangoja nini? Na huko juu kwenyewe kazi yako ni kupigwa upepo tu."

Anakizungusha kikombe mikononi.

"Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa vyote viwili. Angenitukana ningepona. Alifuta mikono, akatundika ovaroli, akasema, 'Haya shemeji, kazi njema.' Basi."

Juu hayuko mbali. Anaziba pancha za baiskeli kwenye kibanda nyuma ya soko, mwendo wa kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Chini amefika mpaka kwenye kona ya hapo, na si mara moja, akageuza.

"Niende nikamwambie nini? Kwamba nimekosa mtu wa kunitilia gia? Ataona nimefuata kibarua. Sikuwa na neno la kuanzia."

Mwandishi anamuuliza swali jepesi tu. Huko juu, zaidi ya kutia gia, Juu alikuwa akifanya nini hasa?

"Nimekwambia, kupigwa upepo!" Chini anajibu, akitabasamu kidogo. "Nikigonga mara tatu kwamba nimemaliza, yeye kwanza anahema. Pfuuu! Ndefu hiyo. Ndipo anajibu kwa kugonga. Nilikuwa namtania, shemeji unahema nini, umebeba gunia? Anacheka tu. Kila gari hivyo. Namaliza, anahema, anajib..."

Anaishia hapo. Kikombe kinawekwa chini, chai ikiwa bado nusu.

Anainuka, anafungua boneti ya gari la mkunga, anaingiza mkono nyuma ya injini na kutoa bomba jembamba la mpira. Bomba hilo linapanda kutoka kwenye transfa. Ndipo transfa inapopumulia: oili ikipata moto, hewa inapanda na kutokea huko. Likizibika, hewa hukosa njia, na husukuma oili itoke kwenye sili, hata kama sili imetoka dukani sasa hivi.

Mdomo wa bomba umejaa udongo mkavu. Nyigu wamejenga humo.

Chini anauchokoa kwa waya. Anaweka bomba mdomoni na kupuliza. Pfuuu. Sauti inashuka mpaka uvunguni.

"Alikuwa akipuliza," anasema. "Jamani! Shemeji yangu alikuwa akipuliza."

Anasimama hapo akiwa amelishika bomba, machozi yakimshuka, wala hayafichi. "Kila fundi anajua hili bomba lipo. Hata mimi najua. Lakini lilikuwa lake. Sijaligusa maisha yangu yote, mpaka kichwani mwangu likawa kama halipo. Na yeye siku ile angeweza kuniambia, upepo ninaopigwa ni huu. Ila aliona ni msiba unaosema, akaniachia."

Anarudishia flanji, propela na oili. Mkunga anafika, analipandisha gari mlimani, analishusha, analipandisha tena mpaka lipate moto. Wakati huo wote Chini anazunguka uwanja akiokota takataka ambazo hazipo.

Gari likirudi, wanatandika boksi safi la karatasi lililokunjuliwa chini ya transfa na kungoja. Mkunga ndiye anayepiga magoti. Analivuta boksi, analigeuza huku na huku. Halina hata tone.

"Sasa hapo umefanya nini ambacho hukufanya mwanzo?" anauliza.

"Mimi sikufanya kitu, mama mkunga. Mwenzangu ndiye kafanya."

Mkunga anaitazama ovaroli msumarini, halafu anamtazama fundi. "Basi mfikishie shukrani zangu," anasema, na kuondoka.

Mteja amebaki, na lango halifungwi. Hata hivyo Chini halishangilii hilo sana. Ameitoa ovaroli msumarini, anaikung'uta vumbi, anaikunja mara nne. Anasema anakwenda nyuma ya soko leo hii, kabla mwenyewe hajafunga kazi, maana akilala na wazo hili ataamka mwoga.

Hataongea kuhusu kazi, anasema. Atamwambia amelikuta bomba limeziba, na amejua. Ovaroli ataiweka mezani. Akitaka kuivaa, ni yake. Asipotaka, basi amwite shemeji hata mara moja tu.

"Hodi sitapiga, anaweza kuitambua sauti yangu akanyamaza," anasema, akichomeka spana mfukoni. "Nitagonga mlango wa kibanda mara mbili. Hilo analijua maana yake."

Na asipojibu?

Chini ameshafika langoni.

"Sili moja nimeifunga mara tatu," anasema bila kugeuka. "Mlango ndio utanishinda?"